UZI: Shoti ya mafuta sheli. Kabla hujamkata kijana mshahara, piga dipu vizuri kwanza (Moshi/Arusha)

mpimaji_moshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nimefanya kazi sheli hapa Moshi miaka 11. Nilianza kwenye pampu, sasa nashika stoo na vitabu. Naandika kwa sababu wiki iliyopita kijana wa sheli ya jirani alikuja kwangu analia. Amekatwa mshahara miezi miwili mfululizo kwa shoti (mafuta yaliyopungua kwenye hesabu) ambayo ukimuuliza bosi wake imetokeaje, hana jibu. Hesabu haikukaa, basi kijana kaiba.

Mimi mwenyewe niliwahi kusaini makato ya namna hiyo, na kijana niliyemkatia alikuwa hana kosa. Nitalieleza hilo mbele.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Mafuta yetu ya kaskazini mengi yanashuka Tanga. Lori linapakia depo, Tanga kuna joto, linapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, linaingia Moshi. Arusha ni zaidi ya kilomita 400 tangu depo, tena ni mlima na baridi. Petroli ikipoa inasinyaa. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua, petroli inapungua kama lita 1.2 katika kila lita 1,000. Dizeli ni kidogo kuliko hapo, kama lita 0.8.

Sasa chukua lori la lita 36,000 za petroli. Limepakia likiwa na nyuzi 31, limelala Same, limefika kwako asubuhi mafuta yana nyuzi 26. Tofauti ni nyuzi 5. Zidisha: 36,000 mara 0.0012 mara 5 unapata lita 216. Hakuna aliyefungua valvu wala aliyenyonya. Uzito wa mafuta ni uleule uliotoka Tanga, ujazo ndio umepungua. Tukiweka bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya laki sita, na nimeona madereva wakidaiwa pesa hiyo huku wameshika kofia mkononi.

Ndiyo maana hati nyingi za kupakia zina lita za aina mbili: lita za joto la siku ile, na lita zilizorudishwa kwenye joto la rejea. Nchi nyingine rejea ni nyuzi 15, kwingine 20, Marekani wanatumia 60 za Fahrenheit. Ukilinganisha lita za joto la Tanga na lita za baridi ya Arusha bila kuzirudisha kwenye joto moja, umelinganisha vitu viwili tofauti. Nunua kipimajoto cha kuning'iniza, kishushe hadi katikati ya mafuta kwenye kila chemba (kila chumba cha tanki la lori), kiache dakika chache, soma, andika. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na shoti ya lori moja.

Naendelea chini, ngoja nipokee gari.

tenka_segera

Mkuu Mungu akubariki. Mimi ni dereva, hili jambo nimelipigia kelele miaka. Tukifika sheli mtu anachungulia chemba, anaona mafuta yako chini ya alama, anasema "umeuza njiani". Sili ziko sawa, namba ndizo zilizoandikwa kwenye hati, hajakuta hata mkwaruzo, lakini lazima nilipe. Ongezea na hili: sheli nyingi za Moshi zimejengwa kwenye mteremko. Lori likiegeshwa limeinama, chemba ya mbele inasoma pungufu na ya nyuma inasoma zaidi, au kinyume chake. Mpokeaji anaandika ile pungufu tu.

mpimaji_moshi

@tenka_segera umesema kweli tupu kaka. Lori lisimame sehemu tambarare, na lipewe muda. Mimi nasubiri angalau dakika 10 kabla sijafungua. Kwanza mafuta yatulie yaache kuyumba. Pili, mafuta yanapotoka kwenye mwendo yanakuwa na umeme tuli, na kuingiza fimbo haraka ni hatari. Wote tunakumbuka Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilivyoua watu zaidi ya 100. Mvuke wa petroli hauhitaji kitu kikubwa kuwaka.

Utaratibu wangu wa kupokea: nasoma namba za sili moja moja nikiwa nimeshika hati, juu na chini. Napiga dipu kila chemba, yaani nashusha fimbo kupima kina cha mafuta, na kuangalia chati ya lori inayogeuza kina hicho kuwa lita, ile iliyotolewa na Wakala wa Vipimo baada ya gari kupimwa. Napaka dawa ya maji kwenye ncha ya fimbo, ikibadilika rangi kuna maji. Maji ni mazito kuliko mafuta kwa hiyo yanakaa chini kabisa, ukichungulia kwa juu huyaoni. Halafu napiga dipu tanki la chini kabla ya kushusha, na nasimamisha pampu zote za tanki hilo. Hapo ndipo sheli nyingi zinapojichanganya. Gari linashusha huku bodaboda wanaendelea kujaziwa, na mwisho wa siku lita zilizouzwa katikati hazikuhesabiwa popote. Kama huwezi kusimamisha mauzo, basi soma mita za pampu mwanzo na mwisho wa kushusha, ujumlishe.

Sasa nieleze kisa changu.

Tulikuwa na shoti ya petroli miezi minne. Bosi alikasirika, akaagiza wahudumu watatu wagawane. Mmoja wao alikuwa kijana wa Rombo, mtaratibu, ana mama mgonjwa. Mimi ndiye niliyeandaa karatasi ya makato nikasaini. Mwezi wa nne alikuja ofisini, hakugomba. Aliomba tu nimwonyeshe daftari. Tukalifungua pamoja, lile daftari kubwa la kaunta, yeye akafuatisha kidole kwenye safu ya mapokezi. Akaniuliza: "Kaka, mbona kila gari likifika tunapata ziada?"

Nilinyamaza. Kweli, kila lori tulipoandika mapokezi, dipu ilituonyesha tumepokea zaidi ya hati. Lita 500 na kitu, mara 600. Bosi alifurahi, akasema depo ile wanapima kwa moyo. Hakuna aliyejiuliza depo gani inagawa mafuta bure, tena baada ya kusinyaa kwa baridi. Siku nne baadaye, mafuta yakishauzwa, inatokea shoti ya karibu lita zilezile. Ziada ilikuwa sifa ya gari, shoti ikawa kosa la vijana.

Kumbe shida ilikuwa chati. Tanki letu lilibadilishwa miaka ya nyuma, chati ukutani ikabaki ya tanki la zamani. La zamani lilikuwa na kipenyo cha mita 2.4 na urefu wa mita 6.5. Lililopo ardhini lina kipenyo cha 2.5 na urefu wa 6. Ukipiga hesabu ya ujazo wote, yote mawili ni kama lita 29,400, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini pipa lililolala halijazi sawasawa. Kwenye tanki letu, sentimita moja ya katikati ni lita 150. Sentimita hiyohiyo ukiwa karibu na chini, dipu ya 20, ni kama lita 81 tu. Sasa soma tanki moja kwa chati ya jingine: kutoka dipu ya sentimita 50 hadi 200, chati ile ilikuwa inatuhesabia karibu lita 680 ambazo hazikuwepo kabisa.

Tulilithibitisha kwa mikono. Tulipima pampu kwanza kwa kopo la lita 20, halafu kila pampu ikishauza lita 1,000 kwa mita, tunafunga, tunapiga dipu mara tatu, tunaandika. Siku tano. Tukapata chati yetu wenyewe ya muda, na haikufanana na ile ya ukutani. Baadaye likapimwa rasmi.

Kijana alirudishiwa pesa yake kwa awamu. Lakini mwezi wa pili wa makato alikuwa ameuza mbuzi wa mama yake, na hao mbuzi hawakurudi.

mangi_himo

Mpimaji nimesoma mara mbili. Mimi ni mwenye sheli ndogo. Swali: shoti kiasi gani ni ya kawaida? Maana hata nikipima vizuri haikai sifuri.

mpimaji_moshi

Mangi, haikai sifuri na ukiona mtu anakuletea sifuri kila siku, huyo anaandika akiwa kwenye kiti. Mvuke unatoka kwenye bomba la hewa, joto linacheza, fimbo ina makosa yake. Ukikosea nusu sentimita tanki likiwa nusu, kwa tanki kama letu umekosea lita 75. Kesho utakosea upande wa pili.

Kipimo ninachokitumia mimi nimekichukua kwenye kanuni za Marekani za matanki ya ardhini: kwa mwezi, tofauti isizidi asilimia 1 ya mauzo pamoja na galoni 130, ambazo ni kama lita 492. Ukiuza lita 120,000 kwa mwezi, mpaka wako ni 1,200 na 492, yaani kama lita 1,690. Ukivuka mpaka huo miezi miwili mfululizo, kule wanakuhesabu una dalili ya kuvuja. Ila mimi siishii kwenye jumla. Naangalia mwelekeo. Makosa ya fimbo yanapanda na kushuka, leo ziada kesho shoti. Tofauti ikiwa upande mmoja tu siku 10 mfululizo, hata kama ni kidogo, kuna kitu.

fundi_sakina

Naongezea upande wa pampu. Kiwango cha kimataifa kwa pampu za sheli ni nusu asilimia, yaani mililita 100 kwenye kopo la lita 20. Watu wakisikia hivyo wanafikiria mteja kupunjwa tu. Pampu inaweza kumpunja mwenye sheli pia. Ikitoa mililita 80 zaidi kwenye kila lita 20, bado iko ndani ya mpaka. Lakini ukiuza lita 30,000 umegawa makopo 1,500 yenye ziada, sawa na lita 120 kila lori, na hakuna mteja atakayekuja kulalamika. Nimekuta sheli hapa Arusha vijana wanakatwa kwa lita 120 hizo.

Ukikuta hivyo usimwite mtu wa mtaani akaikata sili arekebishe. Ita fundi mwenye leseni, na Wakala wa Vipimo waje wahakiki na kupiga sili upya. Na kopo lenyewe liwe limehakikiwa, ulilowanishe kwanza kisha umimine, ndipo upime. Kopo kavu linabakiza mafuta kwenye kuta.

mpimaji_moshi

Asante fundi, mimi napima kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua.

Na mnaodhani ni mambo ya sheli ndogo tu, mwaka 2016 Waziri Mkuu Majaliwa alifika bandarini Dar kuuliza kwa nini mita za kupimia mafuta yanayoshuka melini zilikuwa hazitumiki. Ni swali lilelile la daftari langu, kwa ukubwa wa taifa. Usipojua ulichopokea, huwezi kujua ulichopoteza.

dada_usa

Kaka mpimaji shikamoo, naomba msaada wa haraka. Nasimamia sheli maeneo ya Usa River. Tunafunga saa 4 usiku. Juzi tulipokea gari jioni, tulipofunga dipu ya petroli ilikuwa milimita 1,140. Asubuhi saa 12 ikasoma 1,133. Hakuna aliyeuza. Bosi anasema ni mlinzi, ameshaandika barua ya kumfukuza. Mlinzi ni baba mtu mzima, ananiapia. Chati yetu hapo katikati milimita moja ni kama lita 13.

mpimaji_moshi

Marahaba dada. Tulia, tusimhukumu mzee wa watu. Milimita 7 ni kama lita 91. Uliandika joto?

dada_usa

Tuna kifaa cha elektroniki ndani ya tanki, dipu yake imeharibika ila joto kinasoma. Baada ya kushusha 28, asubuhi 26. Tanki lilikuwa na kama lita 14,000. Maji hakuna, dawa haikubadilika.

mpimaji_moshi

Vizuri sana. 14,000 mara 0.0012 mara 2 ni kama lita 34. Hiyo ni karibu milimita 2 na nusu, imeliwa na baridi. Zimebaki milimita 4 na kitu, hizo joto halizielezi. Leo gari halijaja? Basi leo ndiyo siku nzuri ya kupima, kwa sababu mafuta yameshapoa.

Fanya hivi dada. Mkishafunga, fungeni mdomo wa kujazia na manholi kwa kufuli, na juu yake muweke sili yenye namba, wewe na mlinzi wote mwiandike. Pigeni dipu saa 4, kisha kila baada ya saa mbili hadi asubuhi. Kila mara mara tatu, mtu yuleyule, tundu lilelile, fimbo ishuke taratibu hadi iguse chini isidunde. Pakeni dawa ya kuonyesha mafuta, petroli inakauka haraka kwenye fimbo na usiku hamtaona mstari. Sili ikivunjwa kwa ajili ya dipu, mnaweka nyingine na kuandika namba. Msitumie tochi ya simu juu ya tundu, tumieni tochi salama ya sheli, na simu zibaki ofisini.

Ninachotafuta ni hiki: mwizi anachukua kwa wakati mmoja. Utaona dipu imesimama, imesimama, halafu imeanguka. Tundu halilali. Litashuka kidogokidogo usiku kucha.

tenka_segera

Hii sikuwahi kuifikiria. Dada tunasubiri majibu.

dada_usa

Nimerudi. Tulikaa usiku mzima mimi, mlinzi na mhudumu mmoja. Joto lilikuwa 26 mwanzo hadi mwisho.

Saa 4 usiku: 1,126
Saa 6: 1,125
Saa 8: 1,124 mara mbili, 1,123 mara moja
Saa 10: 1,123
Saa 12 asubuhi: 1,122

Sili zote nzima. Mlinzi ndiye aliyekuwa anashika kalamu.

mpimaji_moshi

Dada, hilo ni tanki. Milimita 4 kwa saa 8 ni kama lita 52, zaidi ya lita 6 kila saa, pampu zikiwa zimezimwa. Kule Marekani vipimo vya kielektroniki vinatakiwa kukamata uvujaji wa galoni 0.2 kwa saa, haifiki hata lita moja. Lako ni kubwa mara nyingi.

Usipokee gari jingine kwenye tanki hilo. Mwambie bosi leo hii aite fundi, mafuta yahamishwe, na EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) na NEMC (baraza la mazingira) wapewe taarifa. Usa maji ya ardhini hayako mbali, watu wana visima na mifereji. Waulizeni majirani wa upande wa chini kama maji yao yana harufu, na wasiyatumie mpaka yapimwe. Chungeni pia mashimo na mitaro iliyofunikwa, mvuke wa petroli unakaa chini, mtu asiwashe kitu humo.

fundi_sakina

Dada niandikie pembeni nikupe orodha ya vitu vya kumwambia fundi. Na makaratasi hayo ya usiku yatunze, yenye sahihi zenu wote watatu.

dada_usa

Bosi amekuja, nimemwonyesha namba. Amekaa nazo kwenye gari kama nusu saa. Mafundi wamefika saa 8 mchana, wamehamisha mafuta, tanki limebaki na dipu ya sentimita 6. Nyumba ya pili upande wa bondeni wamesema maji ya kisima yananuka tangu mwezi uliopita, walidhani ni bomba la jirani. Tumewapelekea maji ya ndoo kwa sasa.

Barua ya mlinzi bosi ameichana mbele yake. Mzee yuko zamu leo usiku, ameniomba nimfundishe kusoma chati.

mangi_himo

Mpimaji, nimetoka kuangalia chati yangu ukutani. Imeandikwa kipenyo mita 2.2. Nimeshusha fimbo mpaka chini, juu ya tanki imenisomea 2.36. Nakupigia kesho asubuhi.